Tovuti Mpya ya Taasisi ya Umma na Namna ya Kuifanya Ionekane na Wananchi

MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Taasisi ya umma inapofungua tovuti mpya, kazi haimaliziki siku ya uzinduzi. Hutokea mara kwa mara kwamba wiki kadhaa baada ya sherehe hiyo, mwananchi anaandika jina la taasisi katika simu yake, na kinachojitokeza mwanzo si tovuti ya taasisi bali ni tangazo la miaka iliyopita lililobakia katika ukurasa wa mtu binafsi, au ukurasa unaomtaka atume fedha ili apatiwe fomu. Tovuti yenyewe ipo, na imegharimiwa na fedha za umma, lakini kwa mwananchi huyo ni sawa na kwamba haipo.

Madhumuni ya maelezo haya ni kuwafahamisha watumishi wanaosimamia tovuti, pamoja na wananchi wanaozitumia, jinsi mitambo ya kutafuta habari katika intaneti inavyofanya kazi, sababu za tovuti mpya kuchelewa kuonekana, na hatua halali zinazoweza kuchukuliwa ili tovuti hiyo ipande katika orodha ya majawabu.

UMUHIMU WA JAMBO HILI

Hapo zamani mwananchi aliyetaka kujua nafasi za masomo, zabuni au ajira alikwenda kwenye ubao wa matangazo wa ofisi inayohusika. Ubao huo ulikuwa mahali panapojulikana, na aliyefika aliukuta. Hivi sasa sehemu kubwa ya matangazo hayo imehamia katika intaneti. Kwa upande wa Tanzania Bara, Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka kamili. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zilizinduliwa tovuti zao kwa pamoja. Zanzibar nayo ina chombo chake cha kusimamia kazi hiyo, kijulikanacho kwa kifupi kama eGAZ.

Tofauti iliyopo ni kwamba ubao wa matangazo ulio katika intaneti hauonekani kwa kupita njiani. Ni watu wachache wanaokumbuka anwani ya tovuti kwa herufi zake zote. Walio wengi huandika maneno mawili au matatu katika mtambo wa kutafuta, hasa Google, kisha hufungua moja kati ya majawabu ya mwanzo. Majawabu ya ukurasa wa pili na wa tatu hufunguliwa na wachache mno. Kwa hiyo nafasi ya tovuti katika orodha hiyo si suala la fahari ya taasisi. Ni suala la kama mwananchi atapata habari sahihi kwa wakati au atapata habari ya mtu mwingine asiye na dhamana yoyote.

MTAMBO WA KUTAFUTA UNAVYOFANYA KAZI

Kazi ya mtambo wa kutafuta inaweza kufananishwa na kazi ya masjala, nayo ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kupita na kusoma. Mtambo una programu ambazo huzunguka katika intaneti usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa usiounganishwa na ukurasa wowote mwingine ni sawa na nyumba isiyo na njia: programu hizo zaweza zisiufikie kabisa.

Hatua ya pili ni kuweka katika faharasa. Ukurasa uliosomwa huorodheshwa kwa maneno yake, kama vile karani wa masjala anavyoandika jalada katika rejista ili siku litakapohitajika lipatikane. Jalada lisiloandikwa katika rejista halionekani hata kama limo kabatini.

Hatua ya tatu ni kupanga majawabu. Mtu anapouliza, mtambo hauzunguki intaneti nzima kwa wakati huo. Hutazama katika faharasa yake, huchagua kurasa zinazohusika na swali, kisha huzipanga kwa daraja. Katika upangaji huo huangaliwa mambo mengi: iwapo maneno ya ukurasa yanalingana na swali, iwapo ukurasa unajibu haja ya muulizaji, lugha na mahali alipo muulizaji, upya wa habari, wepesi wa ukurasa kufunguka, na heshima ya ukurasa huo mbele ya kurasa nyengine.

Hilo la heshima linahitaji ufafanuzi. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza njia waliyoiita PageRank, na katika mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google. Msingi wa njia hiyo ni kwamba kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwengine ni mfano wa udhamini, na udhamini wa mwenye kuheshimika una uzito kuliko wa asiyejulikana. Jambo hili si geni kwa mkazi wa visiwani. Anayekwenda ofisi asiyofahamika huchukua barua ya sheha, na barua hiyo hukubaliwa kwa sababu sheha mwenyewe anatambulikana. Tangu wakati huo njia za upangaji zimeongezeka sana, lakini udhamini wa viungo bado ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa.

Kutokana na maelezo hayo inadhihirika kwa nini tovuti mpya huanza chini. Haijasomwa yote, haijaandikwa yote katika faharasa, na hakuna aliyeidhamini.

MFANO WA OLMOTONYI

Ili maelezo haya yafahamike kwa urahisi, uchukuliwe mfano wa mahali pamoja. Olmotonyi ni kata iliyopo katika miteremko ya Mlima Meru, karibu na mji mdogo wa Ngaramtoni, Mkoa wa Arusha. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Mafunzo ya Misitu kilicho chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambacho kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa misitu tangu zama za utawala wa Mwingereza. Hapo pia upo msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye makao yake makuu Morogoro. Kwa mkazi wa Wete au Makunduchi ambaye mwanawe anataka kusomea misitu, Olmotonyi ni mbali, na njia ya mwanzo ya kupafahamu ni simu ya mkononi.

Ichukuliwe kwamba taasisi ya umma iliyopo katika eneo hilo imefungua tovuti mpya. Kabla ya jambo lolote la kitaalamu, taasisi hiyo itakutana na tatizo la majina.

Kwanza, jina la mahali lenyewe huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Wapo wanaoandika Olmotonyi na wapo wanaoandika Olmotony. Mitambo hujitahidi kukisia makosa ya herufi, lakini kwa jina la mahali padogo ambapo pana kurasa chache, ukisiaji huo hauna uhakika.

Pili, eneo hilo hilo hutajwa kwa majina mengi ya kiutawala. Wilaya ya Arumeru ina halmashauri mbili, ya Arusha na ya Meru, na Olmotonyi imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Katika uchaguzi wa Wabunge eneo hilo ni Arumeru Magharibi. Neno Arusha peke yake laweza kuwa ni jiji, mkoa, halmashauri, hifadhi ya taifa au kabila.

Tatu, neno Meru ni zito zaidi. Upo Mlima Meru wa Tanzania, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Ipo Kaunti ya Meru nchini Kenya pamoja na mji na hifadhi ya taifa yenye jina hilo. Upo pia mlima Meru unaotajwa katika dini za Bara Hindi. Ofisi itakayoandika "Meru" bila ya kuongeza neno jengine itakuwa inagombania nafasi na kurasa za nchi nyengine ambazo ni za zamani na zenye wadhamini wengi.

Suluhisho ni jepesi na halina gharama. Katika ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa mawasiliano taasisi iandike mahali ilipo kwa ukamilifu: kata, halmashauri, wilaya, mkoa na nchi. Namna ya pili ya kuandika jina la mahali itajwe mara moja katika sentensi ya kawaida. Hatua hiyo humsaidia msomaji na mtambo kwa pamoja.

Tatizo jengine ni tafauti baina ya lugha ya ofisi na lugha ya muulizaji. Ofisi huandika "udahili", mzazi huandika "kujiunga na chuo". Ofisi huandika "Astashahada" na "Stashahada", mwanafunzi huandika "cheti" na "diploma". Ofisi huandika "uzalishaji wa miche", mkulima huandika "bei ya miche ya miti". Aidha, wapo wanaouliza kwa Kiingereza ingawa wanazungumza Kiswahili, kwa kuwa wamezoea kwamba majawabu ya Kiswahili ni machache. Ukurasa ulioandikwa kwa istilahi za ofisi peke yake hauwezi kulingana na swali ambalo halina hata neno moja kati ya istilahi hizo. Hivyo inafaa istilahi rasmi itumike, na pembeni yake neno la kawaida litajwe.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Kuondoa vizuizi vya wakati wa matengenezo. Tovuti inapotengenezwa, mafundi huweka amri inayoikataza mitambo kuisoma, ama katika faili liitwalo robots.txt ama kwa alama ya noindex ndani ya kurasa. Amri hizo ni sahihi wakati wa majaribio. Zikisahauliwa baada ya uzinduzi, tovuti haitaonekana hata yakifanywa mengine yote. Hili ndilo jambo la mwanzo la kuulizwa fundi.

2. Kuijulisha mitambo. Google hutoa bila ya malipo huduma iitwayo Search Console, na Microsoft hutoa huduma kama hiyo kwa mtambo wake wa Bing. Taasisi huthibitisha kuwa ndiyo mwenye tovuti, kisha huwasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zake zote. Utaratibu wa ramani hizo ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft zikaukubali. Ni muhimu akaunti ya huduma hiyo iwe mali ya taasisi na isiwe ya fundi binafsi, ili anapoondoka asiondoke na funguo.

3. Kuupa kila ukurasa kichwa chake. Kichwa cha ukurasa ndicho kinachosomeka katika orodha ya majawabu. Zipo tovuti ambazo kurasa zake zote zina kichwa kimoja, "Mwanzo" au "Karibu". Kichwa cha namna hiyo hakimwelezi mtu chochote. Kichwa kama "Maombi ya kujiunga na mafunzo ya misitu, Olmotonyi, Arusha" kinajitosheleza. Chini ya kichwa yawekwe maelezo ya sentensi moja au mbili yanayoeleza kilichomo.

4. Kuandika habari kwa maandishi. Desturi ya kupiga picha barua iliyogongwa muhuri na kuiweka ilivyo imeenea katika ofisi nyingi. Mtambo unaweza kuisoma picha kwa kiasi, lakini usomaji huo hauna uhakika, na msomaji asiyeona anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti hapati kitu. Barua yenye muhuri iambatanishwe kwa ajili ya uthibitisho, na maneno yake yaandikwe katika ukurasa wenyewe.

5. Kutumia anwani moja ya kudumu kwa jambo linalorudi kila mwaka. Taasisi nyingi huweka tangazo la maombi kila mwaka katika faili jipya lenye anwani mpya. Kwa kufanya hivyo, viungo vyote vilivyoelekezwa kwenye tangazo la mwaka uliopita hupotea bure, na mara nyingi tangazo la zamani huendelea kuonekana juu ya jipya. Inafaa uwepo ukurasa mmoja wa maombi ambao anwani yake haibadiliki. Kila mwaka habari zake zifanywe upya na tarehe iandikwe juu, na matangazo yaliyopita yawekwe chini yake kama kumbukumbu.

6. Kuzihamisha anwani kwa utaratibu. Taasisi hubadilishwa majina na wizara huunganishwa. Mwaka 2015 TAMISEMI ilihamishwa kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu kwenda Ofisi ya Rais. Baraza lililokuwa likiitwa NACTE limepanuliwa kazi zake na sasa ni NACTVET. Mabadiliko kama hayo yanapoleta anwani mpya, kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nao, kwa amri ya kudumu ambayo mafundi huitambua kwa namba 301. Kuifunga anwani ya zamani bila ya kufanya hivyo ni kutupa udhamini wote uliokusanywa kwa miaka.

7. Kumfikiria mwenye simu. Mwezi wa Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora, kwa wanaotafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vyema katika simu, na mwaka 2023 ilikamilisha utaratibu wa kuzipima tovuti kwa kuangalia sura yake ya simu kwanza. Picha ya mgeni rasmi yenye megabaiti kadhaa katika ukurasa wa mwanzo humaliza bando la mwananchi kabla hajafikia habari aliyoifuata. Picha zipunguzwe ukubwa, na habari zinazotafutwa sana ziwekwe juu.

8. Kulinda usalama. Tangu mwaka 2014 Google huzingatia iwapo anwani inaanza kwa https, yaani mawasiliano yake yamefungwa kwa siri. Aidha, katika nchi nyingi tovuti za serikali ambazo programu zake hazikufanywa mpya zimevamiwa na kujazwa kurasa za kamari au za dawa, bila ya wenyewe kujua. Njia rahisi ya kukagua ni kuandika katika Google neno "site:" likifuatiwa moja kwa moja na anwani ya tovuti. Kurasa zote zitakazojitokeza ziwe zinafahamika na taasisi.

9. Kutafuta udhamini wa haki. Taasisi iorodheshe vyombo ambavyo kwa kawaida vinapaswa kuitaja: wizara mama, halmashauri, mkoa, baraza linaloisimamia, na taasisi inazoshirikiana nazo. Kila kimoja kiandikiwe barua rasmi kuombwa kuweka kiungo katika ukurasa unaohusika. Kwa taasisi ya Olmotonyi, kiungo kimoja kutoka katika wizara au baraza la elimu kina manufaa kuliko mia moja kutoka kurasa zisizojulikana. Vyombo vya habari vinavyoandika habari za taasisi viombwe kutaja anwani. Vile vile mahali pa taasisi pasajiliwe katika ramani ya Google, na jina, anwani na namba ya simu viandikwe kwa namna moja kila mahali.

10. Kuandika kwa lugha zote zinazohitajika. Iwapo tovuti ina sehemu ya Kiswahili na ya Kiingereza, kila lugha iwe na ukurasa na anwani yake, na kurasa hizo ziunganishwe. Sehemu ya Kiswahili isiwe fupi kuliko nyengine. Kurasa za Kiswahili zenye habari kamili bado ni chache katika intaneti, na ukurasa ulioandikwa vizuri kwa Kiswahili hukutana na ushindani mdogo.

MAMBO YA KUEPUKWA

Wapo watu wanaozitembelea ofisi wakidai kuwa wanaweza kuifanya tovuti iwe ya kwanza katika Google kwa malipo na kwa muda mfupi. Google yenyewe imeeleza kuwa hakuna awezaye kudhamini nafasi ya kwanza, na haipokei malipo kwa ajili ya kupandisha daraja la tovuti katika majawabu ya kawaida. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya kuwa ni tangazo. Malipo yakikoma, tangazo huondoka.

Njia zinazotumiwa na watu hao ni kama kununua viungo, kurudiarudia neno moja mara nyingi katika ukurasa, kuficha maneno kwa rangi ya karatasi, au kutengeneza kurasa za bandia ambazo mtambo huoneshwa kitu kimoja na msomaji kitu chengine. Adhabu ya mambo hayo haichagui mkubwa wala mdogo. Mwezi wa Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika faharasa ya Google kwa sababu ya kurasa za namna hiyo. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani liitwalo JCPenney liliteremshwa vibaya baada ya kugundulikana viungo vya kulipiwa vilivyoelekezwa kwake. Makampuni hayo yalikuwa na uwezo wa kujirekebisha. Ofisi ndogo ya umma ikipatwa na adhabu kama hiyo, anayeumia ni mwananchi.

Ifahamike pia kwamba kuorodhesha maneno muhimu katika sehemu iliyofichika ya ukurasa, jambo ambalo baadhi ya mafundi bado hulitoza fedha, halina athari yoyote katika Google. Kampuni hiyo ilitangaza hivyo mwaka 2009. Vile vile, anwani inayoishia na go.tz haipandishi daraja kwa kuwa ni go.tz tu. Faida yake ni kwamba hutolewa kwa taasisi za Serikali peke yake, na hivyo mwananchi anayeiona huwa na sababu ya kuiamini.

MUDA UNAOHITAJIKA NA NAMNA YA KUPIMA

Ukurasa mpya unaweza kusomwa na mtambo baada ya siku chache au wiki kadhaa. Ama kupanda katika orodha, ni kazi ya miezi. Mkuu wa taasisi anayetaka matokeo katika wiki ya uzinduzi humlazimisha fundi kutafuta njia za mkato.

Upimaji ufanywe kila mwezi kwa kutumia Search Console. Huduma hiyo huonesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaiona tovuti, idadi ya waliofungua, na wastani wa nafasi ya tovuti kwa kila neno. Orodha hiyo ya maneno ina thamani kubwa kwa ofisi yoyote ya umma, kwa kuwa ni maswali halisi ya wananchi kwa lugha yao wenyewe. Iwapo wengi wanaiona tovuti kwa swali la ada na hakuna ukurasa unaoeleza ada, kinachotakiwa ni kuuandika ukurasa huo. Iwapo kurasa zinaonekana lakini hazifunguliwi, vichwa vyake virekebishwe.

Jambo jengine limeongezeka. Tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka juu ya orodha, katika nchi na lugha mbali mbali, muhtasari unaotungwa na akili mnemba kutokana na kurasa zilizomo katika intaneti. Muhtasari huo hutegemea kilichoandikwa. Iwapo taasisi haikueleza masharti yake kwa uwazi na kwa tarehe, muhtasari unaweza kutungwa kutokana na maelezo ya mtu mwengine, na makosa yake yakasomwa kama ni kauli ya taasisi.

WAJIBU WA WATUMISHI

Kuonekana kwa tovuti si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Fundi huondoa vizuizi, hurahisisha kurasa na kulinda usalama. Ofisa habari huandika vichwa na maelezo. Idara yenye habari, iwe ya masomo, ya fedha au ya ununuzi, ndiyo yenye jawabu na ndiyo inayojua lini limebadilika. Mkuu wa taasisi huziandikia taasisi nyengine kuomba viungo. Inapendekezwa kila ukurasa muhimu uwe na ofisa mmoja anayewajibika nao kwa cheo chake, na tarehe ya kuukagua iwekwe katika ratiba ya kazi kama inavyowekwa tarehe ya ripoti ya robo mwaka.

TAHADHARI KWA WANANCHI

Mwananchi anayetafuta huduma za Serikali anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Jawabu la mwanzo si lazima liwe ndilo sahihi. Aangalie kwanza kama limewekewa alama ya tangazo, kisha asome anwani yake.

(b) Anwani za taasisi za Serikali huishia na go.tz, na za vyuo huishia na ac.tz. Baada ya herufi hizo hufuata mkwaju tu au hapana kitu. Iwapo baada ya go.tz pana nukta na maneno mengine, hiyo si anwani ya Serikali hata kama jina la mwanzo ni la taasisi anayoifahamu.

(c) Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa malipo wa Serikali. Ukurasa unaotaka fedha zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu usiaminiwe.

(d) Tarehe ya tangazo isomwe kabla ya tangazo lenyewe. Tangazo lisilo na tarehe lithibitishwe kwa kupiga simu katika ofisi inayohusika.

(e) Mwananchi anayeona kuwa tovuti ya taasisi haionekani kwa maneno ya kawaida, au kwamba ukurasa wa uongo umeitangulia, aijulishe taasisi hiyo na aitaje sentensi aliyoiandika wakati wa kutafuta. Taarifa hiyo moja humsaidia ofisa kuliko lawama nyingi, kwa sababu humwonesha swali ambalo tovuti yake bado haijalijibu.